Nati Isiyo na Pini

"Usinifunze gari yangu, Machuki! Hii gari nimeishika kabla wewe hujajua kushika spana!"

"Basi endelea kuishika, Nchagwa. Lakini ukizamisha watu mtaroni, usitaje jina langu. Taja yule fundi wako wa stendi."

"Yule wa stendi alikaza boksi ya steringi, ikanyamaza wiki mbili nzima."

"Alikaza boksi! Mara ya tatu huyo anakaza boksi! Mtu akiumwa goti, unamfunga bendeji kichwani?"

Nilicheka mpaka mboga niliyokuwa nikichambua ikanimwagikia miguuni. Nchagwa akanigeukia. "Na wewe Mama Mourine, unacheka nini? Si wewe ndiye unataka kupelekwa Homa Bay na gari hii hii?"

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, mwaka wa tisini na nne, kwenye ploti yetu nyuma ya soko la Migori. Vyumba kumi na viwili, bomba moja la maji, na mlango wangu ulikuwa katikati, kwa hivyo neno halikutoka upande mmoja kwenda upande mwingine bila kupumzika kwangu. Kulia kwangu alikaa Nchagwa, Mkuria mrefu mwenye Landrova ya kijani iliyobeba watu na magunia kwenda Masara na Macalder kwa wachimba dhahabu. Kushoto alikaa Machuki, Mkisii, Msabato wa kutoka moyoni, aliyetengeneza magari chini ya mabati mwisho wa ua. Hao wawili wakigombana, mimi sikuhitaji redio.

Lakini siku hiyo ugomvi ulinihusu. Bitutu, aliyekuwa jirani yetu wa chumba cha saba kabla hajaolewa Homa Bay, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Wanawake wa ploti tulishakubaliana kwenda kumwona Jumapili. Unga wa wimbi ulikuwa tayari, kuku walikuwa wamefungwa miguu kwa Edith fundi cherehani, na gari ilikuwa ni hiyo ya Nchagwa.

Nayo ilikuwa mgonjwa. Mimi mwenyewe nilishaipanda mwezi uliopita nikarudi nimemshukuru kila mtakatifu ninayemjua. Steringi ilizunguka upana wa kiganja kizima kabla magurudumu ya mbele hayajasikia. Kwenye barabara iliyonyooka Nchagwa alikuwa akipeleka mikono huku na huku kama mtu anayesonga ugali wa harusi. Na chini, kila akikata kona, ko-ko-ko, ko-ko-ko, kama mgeni anabisha hodi na hafunguliwi.

"Mama Mourine," Machuki akaniita, "wacha mboga. Panda hapo uchezeshe steringi. Kidogo kidogo, kushoto, kulia. Usitoe mguu nje, usiongee."

"Kuchezesha nitachezesha. Kutoongea sikuahidi."

Nikapanda. Machuki akaingia chini ya gari chali, akawa anashika kila kiungo kwa kiganja, kimoja baada ya kingine, huku mimi nikitikisa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Wengine walianza na nyundo, yeye alianza na kiganja. Halafu akasema, "Nchagwa, lala hapa."

"Na suruali hii?"

"Lala."

Nchagwa akalala. Mkono wake ukawekwa kwenye mwisho wa ile fimbo ndefu ya chuma inayoshika magurudumu mawili ya mbele, pale inapokutana na gurudumu la kushoto. Mafundi huita kile kiungo tairodi. Nikatikisa steringi. Ko-ko-ko.

Sauti ya Nchagwa ikatoka chini, ndogo. "Kumbe inaruka."

"Inaruka. Raba imekatika, ndani kumekuwa mviringo wa yai. Na yule wako anakaza boksi huku juu mpaka steringi imekuwa nzito, inashindwa hata kurudi yenyewe ukitoka kona."

Ugomvi ukaishia hapo. Nchagwa akakumbuka kwamba tairodi mpya alishainunua Kisii zamani, iko chini ya kitanda, ila yule wa stendi alishindwa kuitoa ile kuukuu. Akaileta, imefungwa kwenye gazeti. Halafu akaondoka kwenda kutafuta petroli ya bei nafuu, na tukajua hiyo petroli huuzwa karibu na pombe.

Machuki alishika nyundo mbili, moja kila upande wa jicho la chuma, akapiga kwa pamoja. Akapiga mpaka bati la jikoni kwangu likatetemeka. Mara kumi, mara ishirini, ndipo ile kuukuu ikaanguka chini kama jino. Akasafisha, akaweka mpya, akalegeza ile boksi kidogo kwa bisibisi. Nilikuwa nikimpelekea habari za mtaa wote huku anafanya kazi, na naye alikuwa akijibu "mm" na "wacha," kwa sababu Machuki alikuwa mtu mzuri wa kuambiwa mambo.

Jua likaanza kugusa mapaa. Nikaenda jikoni. Jioni ile nilikuwa na wageni, na ni lini sikuwa na wageni? Nilipotoka kuchukua kuni nilimwona Nyanchama, mkewe Machuki, amesimama na khanga safi. "Baba watoto, jua."

Machuki akatoka chini ya gari hapo hapo. Sabato ilikuwa inaingia, na Sabato haikumkuta Machuki na spana mkononi hata siku moja, hata mteja alie. Akarudisha gurudumu, akashusha jeki, maana watoto wa ploti waliingia chini ya magari kama vifaranga na hangeacha gari ining'inie usiku na mchana mzima. Akafagia ua wake. Mwisho akachukua kitambaa chekundu akakifunga kwenye steringi.

Kitambaa hicho kila mtu aliyepita kwetu alikijua. Gari yenye kitambaa kwenye steringi haijaisha. Haiguswi. Machuki hakuhitaji kumtafuta Nchagwa amweleze chochote, kitambaa kilikuwa kinaeleza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ilipo aibu yangu.

Giza lilikuwa linaanza. Ndani kwangu walikuwa wameshajaa watu tisa, na sufuria ya maharagwe ilikuwa inafura povu kumwagikia moto. Nikatafuta cha kushikia, sikuona. Nikatoka mbio, Landrova iko hatua tano kutoka mlangoni, dirisha liko wazi. Nikapitisha mkono, nikafungua kitambaa, nikarudi mbio kuepua. Mkono ndio ulichukua. Kichwa kilikuwa kwa wageni.

Tukala. Edith akawa anamwigiza mama mkwe wa Bitutu, jinsi atakavyotuhesabu mlangoni, na watu wakalala juu ya viti kwa kicheko. Saa mbili hivi Nchagwa akaingia, macho yanang'aa. "Fundi amemaliza?"

"Nimepita hapo sasa hivi," Edith akasema. "Hakuna kitambaa. Amemaliza."

"Basi kwa nini tungoje Jumapili?" Nchagwa akasema. "Twendeni kesho, tulale huko, turudi Jumapili polepole."

Nyumba ikapiga kelele ya furaha, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa yangu. Mimi mwenyewe sikuweza kwenda, Jumamosi ni siku ya soko na hoteli yangu ndogo ya chai ilitegemea siku hiyo. "Mourine ataenda kwa niaba yangu," nikasema. Kitambaa kilikuwa begani kwangu muda huo wote.

Asubuhi Machuki na familia yake waliondoka mapema kwenda kanisani, wamevaa kupendeza. Saa mbili Nchagwa akawasha Landrova, akaizungusha ua mara mbili, mikono imetulia. "Sikieni! Kimya! Huyu Machuki ni daktari!" Wanawake sita wakapanda nyuma kwenye yale mabenchi yanayotazamana, na wimbi, na kuku. Mourine wangu, miaka kumi na tisa, mtoto wangu pekee, alikaa mwisho kabisa karibu na mlango wa nyuma, akanipungia mkono wakiwa wameshaanza kuimba.

Nusu saa baadaye nilikuwa nikiepua birika ya chai ya wateja. Nyanchama akaingia uani, ametoka kanisani kuchukua maziwa ya mtoto aliyoyasahau. Akasimama katikati ya ua akatazama mahali pa Landrova.

"Mama Mourine, gari ya Nchagwa iko wapi?"

"Imeenda Homa Bay."

"Imeendaje? Baba watoto hajaifunga. Alisema imebaki nati na pini. Alifunga kitambaa, nilimwona kwa macho yangu."

Nilikuwa nikitazama mkono wangu, birika, na kile kitambaa chekundu kati ya vidole vyangu. Nyanchama naye akakitazama. Akaingia kwao, akatoka na mfuko wa spana wa mumewe, akaniwekea miguuni.

Niliubeba nikakimbia. Mimi ni mwanamke mnene, na sikuwa nimekimbia tangu nizae. Nilifika kanisani na aproni ya unga, wakiwa wamepiga magoti. Nilitembea katikati ya mabenchi mpaka kwa Machuki nikamshika bega. Tukatoka nje. Nikamwambia gari imeondoka.

"Nani ametoa kitambaa?"

"Gari imeondoka, Machuki, na Mourine yuko ndani."

Hakuuliza tena. Alirudi mlangoni akamwita mzee wa kanisa, Mzee Ombui, kwa sababu Ombui peke yake ndiye alikuwa na pikapu. Ombui alitoka akifunga vifungo vya koti, akasikia, akasema, "Tuombe kwanza."

"Mzee, tutaomba njiani."

"Simu je? Hatuwezi kupiga simu mbele?"

"Tumpigie nani, Mzee? Barabara haina simu."

Tukabanana watatu mbele. Ombui aliendesha pikapu yake kama mtu aliyebeba mayai ya kanisa. Tulipofika lami Machuki akasema, "Mzee, nipe." Ombui akasimamisha, akazunguka, akampa. Baada ya hapo sikuweza kutazama ile mishale ya kwenye dashibodi.

"Niambie itakuwaje," nikasema.

Machuki alikuwa na shati jeupe na tai, macho mbele. "Nati niliizungusha kwa vidole. Mizunguko minne, ili isianguke tu. Kwenye lami haisemi kitu. Itakuwa tamu kweli, Nchagwa atafurahi. Lakini akiingia kwenye murram, kwenye changarawe, ile mitetemeko inaifungua kidogo kidogo. Pini ndiyo huizuia, na pini sijaweka. Nati ikitoka, kiungo kinachomoka. Gurudumu la kulia linafuata steringi. La kushoto linakwenda linakotaka."

"Ghafla?"

"Ghafla."

"Nilikitoa mimi," nikasema. "Nilitaka kushikia sufuria."

Ombui akafumba macho. Machuki akabadilisha gia. "Amepita njia gani?"

"Ya Ndhiwa. Alisema ni fupi."

Ya Ndhiwa ilikuwa murram tupu, na kabla ya Ndhiwa kuna mteremko mrefu wa kushuka mto Kuja, kona mbili na daraja chini. Kila mmoja alikuwa ameshaufikia kichwani mwake.

Kwenye njia panda pale tunapoacha lami, mama wa ndizi alituambia, "Landrova ya kijani? Ya wale waimbaji? Wamenunua mkungu kwangu, wamebishana bei mpaka nikachoka. Wameondoka sasa hivi tu."

Nikambariki Edith na ubishi wake wote.

Murram ilikuwa imekunjika kama bati. Meno yaligongana. Kila mtu tuliyempita tulimwuliza, na kila mtu alinyoosha kidole mbele. Mzee mmoja mwenye baiskeli akaongeza, "Huyo dereva amelewa? Anachora nyoka barabarani." Machuki aliposikia hivyo akakanyaga mpaka pikapu ikalia.

"Imeanza," akasema peke yake.

Nikamwomba asimame, nikapanda nyuma, nikasimama nimeshika vyuma vya kibebeo ili nione juu ya vumbi. Na nikaliona. Wingu jekundu mbele, halafu ndani ya wingu, kijani. Machuki akapiga honi mfululizo.

Wangapi mnamjua Nchagwa? Yule mtu hajawahi kupitwa. Aliposikia honi nyuma yake alidhani ni dereva wa pikapu anayetaka njia, akaongeza mwendo. Machuki akapiga taa, akapiga honi, na Landrova ikazidi kukimbia, tako lake likiyumba kushoto, likirudi, likiyumba tena.

Tukasogea mpaka nikaona nyuso. Walikuwa wamekaa nyuma, turubai limekunjwa, Mourine mwisho. Nikapunga mikono yote miwili. "Simameni! Simamisheni!"

Wakaniona. Mourine akaruka kwa furaha, akawaambia wenzake, na wote wakapunga mikono na kupiga vigelegele. Walidhani nimeamua kuacha soko nimewafuata. Edith akainua kuku mmoja juu akanipungia naye. Nilipayuka mpaka koo likakauka, na kila nilipopayuka wao waliimba kwa nguvu zaidi. Mbele yao barabara ilikuwa imeanza kuinama. Niliuona Kuja chini, maji ya kahawia, na lile daraja jembamba.

Kwetu Waluo kuna sauti moja inayoitwa nduru. Haipigwi ovyo. Nduru ikisikika, jembe huachwa shambani na chungu huachwa motoni, kila mwenye miguu anakimbia inakotoka, kwa sababu maana yake ni moja: kuna mtu amekufa. Mama yangu alinifunza nisiicheze hata nikiwa mtoto. Kumpigia nduru mtu aliye hai ni kumwonyesha kifo mlango wake.

Niliweka mikono kichwani, nikafungua kinywa, nikaipiga. "Uuuuwi! Uuuuwi! Uwi mama yoo!"

Nilimlilia mtoto wangu, nikimtazama usoni. Sikuigiza. Sauti ilitoka mahali ambapo sikujua pana sauti.

Wimbo ukakatika. Niliona furaha inaondoka kwenye uso wa Mourine kama mtu amemwagiwa maji. Edith akaangusha kuku. Halafu wote sita wakageuka kwa pamoja wakaanza kupiga ule ukuta wa bati nyuma ya dereva kwa ngumi, kwa viatu. "Simamisha! Nchagwa, simamisha! Kuna kifo nyumbani!"

Na Nchagwa, ambaye honi haikumsimamisha, alisimama. Hakuna mtu wa kwetu, awe Mluo, awe Mkuria, anayeendelea na safari ya sherehe nduru ikiwa nyuma yake. Aliona kona ya kwanza iko karibu, akakanyaga breki, akavuta kando.

Hapo ndipo tulisikia mlio. Mmoja tu, tak. Gurudumu la kushoto lilipinda nje peke yake, kama mguu uliovunjika, na Landrova ikageuka, ikateleza ubavu, ikaingia mtaroni ikaegemea ukingo wa udongo. Vumbi likafunika kila kitu.

Kama wangekuwa wanakimbia vile walivyokuwa wakikimbia dakika moja kabla, sijui ingekuwaje. Sitaki kujua.

Niliruka kutoka pikapu nikaanguka kwa magoti. Walikuwa wanatoka mmoja mmoja, wekundu kwa vumbi. Mourine alinikimbilia, damu kidogo puani, akanishika mabega. "Mama, nani? Ni nyanya? Mama, niambie ni nani!"

"Hakuna."

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu, nyathina, mwanangu. Hakuna."

Nilimkumbatia akajichomoa. Wanawake walikuwa wamenizunguka, machozi yametengeneza mifereji kwenye vumbi. Edith alikuja mpaka pua yake ikawa karibu na yangu. "Umetulilia sisi? Tukiwa tunapumua?"

"Gari ilikuwa haijafungwa. Ni mimi nilitoa kitambaa jana, nikashikia sufuria. Nilisahau. Niliwaita hamkusikia."

"Ulitoa kitambaa," Edith akasema polepole, "ukakaa nasi usiku wote, ukacheka nasi, ukatuambia nendeni."

"Ndiyo."

Alinitazama, akageuka, akaenda kukaa chini mbali. Nimeshatukanwa sokoni na watu wanaojua kutukana, lakini mgongo ule wa Edith sijausahau.

Nchagwa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari. "Niliisikia," alikuwa akimwambia Machuki. "Ko-ko-ko ilirudi. Nikasema, ni fundi amenidanganya. Nikasema nitamrudia Jumapili nimtukane." Machuki alikuwa ameshalala chini, na suti yake ya kanisani, kiganja kinapapasa mahali ambapo kiungo kilikuwa.

"Nati haiko," akasema. "Bila nati hatutoki hapa. Iko barabarani nyuma huko. Tafuteni."

Kufikia hapo watu walikuwa wamefika. Nduru ilikuwa imefanya kazi yake: kutoka bomani juu ya barabara walikuja wanaume na majembe, wanawake wamejifunga shuka kiunoni, na mbele yao mama mmoja mzee, mwembamba, amekwisha kuanza kulia yeye mwenyewe kabla hajajua anamlilia nani. Ombui ndiye aliyewaeleza. Niliona wanatazamana, wananitazama. Nilitaka barabara inimeze.

Lakini hawakurudi. Yule mama mzee alijifuta macho, akasema, "Kwa hiyo hakuna maiti, kuna nati?" Akajipanga na wenzake.

Basi kwa nusu saa watu ishirini na zaidi, waliokuja kwenye msiba, walipanda mteremko wa Kuja wameinama, wakitafuta kipande cha chuma kidogo kama kifuniko cha soda. Wanawake wa ploti bado walikuwa na kwikwi. Mtu alikuwa akiokota jiwe, analitazama, analitupa. Mimi nilitafuta kwa mikono na magoti. Niliomba niione mimi. Nilifikiri nikiiona mimi, Mourine atanitazama.

Aliyeiona ni Edith. Ilikuwa kwenye alama ya tairi, inang'aa. Alinipita hatua moja tu, akaenda akamkabidhi Machuki.

Machuki aliikagua meno kwa kucha. Ombui alishika jeki. Mtu mmoja wa pale akamtania, "Mzee, leo si Sabato?"

"Sifanyi kazi," Ombui akasema, jasho linamtoka. "Nimeshika tu."

Machuki alikaza safari hii mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akauliza kama kuna waya. Yule mama mzee akamwelekeza kwenye ua wake. Wakakata kipande cha waya wa seng'enge, akakinyoosha kwa nyundo, akakipitisha kwenye tundu la boliti juu ya nati, akakikunja huku na huku. Akainuka. Shati jeupe lilikuwa jekundu mgongo mzima.

"Nani atachezesha steringi?" akauliza, kisha akanitazama. "Mama Mourine. Panda."

Nilipanda. Mikono yangu haikutaka. Kushoto, kulia, kidogo kidogo. Chini kulikuwa kimya. "Tena," Machuki akasema, kiganja chake kiko pale. Nikatikisa tena. Kimya.

"Imeshika," akasema. "Homa Bay mtafika. Lakini ataendesha polepole, na kila akisimama ashuke aitazame."

"Naweza kuendesha na mguu mmoja nje nikiitazama," Nchagwa akasema, na mtu mmoja akacheka, cheko la kwanza.

Mourine alikuwa amekaa kwenye nyasi, pamba imeingizwa puani. Nilikwenda nikasimama kando yake. Halafu akasema, bila kuinua kichwa, "Nilipokuona unalia hivyo, nilijua ni mimi."

"Mimi pia nilijua ni wewe."

Akashika pindo la aproni yangu. Hakulivuta, alilishika tu.

Nchagwa alikuwa ameanza kuwapanga watu wapande. Yule mama mzee akapiga makofi mawili. "Mnakwenda wapi?"

"Homa Bay, Mama. Tumechelewa, kuna mtoto wa kuonwa."

"Mtoto hatakimbia. Mimi sijui nyinyi mnafanyaje huko mjini, lakini hapa mtu hawezi kupiga nduru kwenye lango langu kisha akawasha gari akaondoka. Hiyo nduru mnamwachia nani? Kilio kikiisha, watu hula. Kuna ugali jikoni kwangu, kuna omena, kuna maziwa yaliyoganda. Huyu wa kanisa kama hali omena kuna maharagwe." Akamshika Ombui mkono, akamshika Nchagwa, akawasukuma kuelekea langoni kama ng'ombe. Wanawake wa ploti wakafuata, na wimbi wakalishusha, kwa sababu hawangeingia mikono mitupu. Edith aliingia. Machuki aliingia, amebeba viatu mkononi. Mourine aliacha aproni yangu akainuka, akatembea, akasimama langoni akanitazama nyuma.

Mimi nilibaki kwenye barabara. Nimelisha watu miaka kumi na mitano, mlango wangu haujawahi kufungwa mtu akiwa na njaa, na sikujua niweke wapi miguu yangu.

Yule mama akarudi mpaka langoni, mkono kiunoni.

"Na wewe uliyelia? Unangoja kuitwa na nani? Maji ya kunawa haya hapa. Ingia ule."